Bwana harusi anayemwosha bibi harusi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Waefeso 5 tumeizoea harusini. Inasomwa "enyi wake, watiini waume zenu", wanaume wanaitikia Amina ya nguvu, kisha huyo, tunaelekea ukumbini. Mstari wa 32 haufikiwi, na ndipo Paulo anaposema kwamba hasa ananena habari ya Kristo na Kanisa.

Turudi mstari wa 25 hadi 27. Kristo alilipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake, alitakase na kulisafisha kwa maji katika neno, apate kujiletea Kanisa tukufu, lisilo na ila wala kunyanzi. Kwetu pwani kumwandaa biharusi ni kazi ya somo, yaani kungwi wake, na mashangazi: wamsinge, wampake hina, wamfukize udi. Bwana harusi haruhusiwi hata kuchungulia. Atangoja mke aliyekwisha kupambwa. Kristo hakungoja. Alimkuta na uchafu wake, akamwosha mwenyewe, kama Mungu alivyoiosha Yerusalemu damu iliyokuwa nayo katika Ezekieli 16, akaipaka mafuta na kuivika nguo ya taraza. Na mahari je? Pale Mileto Paulo aliwaambia wazee wa kanisa hilohilo la Efeso kwamba Mungu alilinunua kwa damu yake mwenyewe (Matendo 20:28).

Kuna wanaosema, "Yesu nampenda, ila kanisa limenishinda." Siwabezi. Fitina za kwaya tunazijua, na michango isiyosomewa mapato na matumizi tunaijua. Lakini Bwana anayajua hayo kutuzidi, na bado hajamwacha mkewe.

Efeso wenyewe walipoa. Katika Ufunuo 2 wanasifiwa kwa taabu na subira yao, hata kwa kuwabaini mitume wa uongo. Kazi zote zinakwenda, ila upendo wa kwanza wameuacha. Wasipotubu, kinara chao cha taa, ndicho kanisa lenyewe, kitaondolewa. Hilo ni onyo zito, tusilipunguze makali. Ila angalieni Kristo anayelitoa yuko wapi: anatembea katikati ya vile vinara saba, yaani makanisa saba. Hakutuma mshenga, wala hakuandika talaka. Amekuja mwenyewe kudai upendo wake.

Wiki hii, kwenye ibada ya nyumbani, tusome Ufunuo 2:1-7 kwa sauti, na pale palipoandikwa Efeso tutaje usharika wetu.