Mimi, mama mkwe na kozi wa Tsavo

Mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kupeana mkono mpaka leo. Si ugomvi, ni heshima. Yeye ni Mluhya wa Kakamega na kwao mume wa binti hakai kiti kimoja na mama, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, ambako mama mkwe anakubana mashavu na kukulisha biriani mpaka uombe msamaha, kwa hiyo mwanzo nilidhani hanipendi kabisa, ikabidi mke wangu anikalishe chini anieleze. Nikazoea. Sasa mtu wa namna hiyo fikiria unaambiwa ukae naye gari moja siku nne.

Ilikuwa Novemba 2018. Mama alikuwa amestaafu, kafundisha bayolojia miaka thelathini na kitu, na sisi watoto na wakwe tukachanga pesa tumpeleke likizo. Tulimuuliza anataka wapi tukitegemea aseme Dubai ama Zanzibar, akasema anataka mbuga ya Tsavo kuona kozi wa Amur. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Ni ndege wadogo wawindaji, akasema, wanatoka mashariki ya Siberia na Mongolia na Uchina kaskazini wanaenda Afrika Kusini, na kila mwaka mwezi wa kumi na moja wanapita juu ya vichwa vyenu mkiwa mmeinamia simu. Basi tukatafuta kampuni ya kutembeza watu kuangalia ndege, tukalipa. Mke wangu ndiye alikuwa aende naye, kazi ikamshika wiki ileile, pesa hairudi, jina likafutwa likaandikwa langu.

Mimi wakati huo ndege niliowajua ni kunguru, njiwa na kuku. Chochote chenye kucha na mdomo wa kupinda kwetu ni mwewe, basi. Nyanya alikuwa akifuga kuku uani na kazi yetu watoto ilikuwa kulinda vifaranga, mwewe akitokea unagonga sufuria na kupiga makelele mpaka jirani atoke. Kwa hiyo kulipa pesa nyingi vile ili ukamtafute mwewe mwenyewe, kusema kweli nilicheka.

Tukapanda treni ya SGR Miritini asubuhi. Kama umepanda ekonomi unajua viti vile vinatazamana, magoti kwa magoti, na tikiti zetu zilikuwa mimi huku yeye kule. Nilimpa mzee mmoja kiti changu nikaenda kusimama karibu na choo mpaka Voi. Mama hakusema kitu lakini nikamwona amepumua.

Kempi yetu ilikuwa nje ya geti la Voi, mahema na jiko na taa chache za sola. Tulikuwa watu saba: sisi wawili, bwana na bibi kutoka Denmark waliostaafu, dada wawili wa Nairobi, na kijana mmoja wa kusomea udaktari wa mifugo ambaye hakuongea mpaka siku ya tatu. Mwongozaji alikuwa Mtaita, mtu mzima, mwembamba, na macho yale si ya binadamu wa kawaida manake anaona nukta angani anakwambia jina lake, dume au jike, na umri wake. Yeye na mama wakaelewana dakika ya kwanza, wakaanza kuitana mwalimu, mwalimu. Usiku ule mama akamtumia mke wangu ujumbe: "Tumefika salama. Gaidi wetu ni mtu mzuri sana." Mke wangu alinipigia simu usiku wa manane anatetemeka.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Sisemi hakuna kitu kabisa, ndovu tuliwaona wengi, wale wekundu wa udongo wa Tsavo, na tulimwona pungu akiyumba angani kama mlevi na mkia mfupi kama umekatwa, na ndege karani tamba akitembea zake na miguu mirefu. Lakini hao ni wenyeji, wako siku zote. Wasafiri tuliofuata hawakuwepo. Kukavu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, tukazunguka kinamasi cha Kanderi tukarudi. Siku ya pili tukaenda mpaka bwawa la Aruba, lile lililojengwa 1952 kwenye mto Voi, tukakaa na darubini zetu shingo zinauma, hakuna.

Na karatasi ya kampuni ilikuwa imeandika "maelfu", kwa herufi nzito kabisa.

Kitu kingine kilichonichosha siku hizo mbili ni mazungumzo. Ndani ya gari mama alikuwa ananisemesha kupitia kwa watu. Niko kiti cha nyuma yake, mkono ukinyooshwa unamgusa, na anamwambia yule dada wa Nairobi, "mwambie baba Salma afunge dirisha." Dada ananigeukia, "baba Salma, funga dirisha." Namjibu dada, "mwambie mama nimefunga." Mdenmark akauliza kama tunagombana.

Jioni ya pili watu walinuna mezani. Yule mzungu akatoa ile karatasi akaiweka mbele ya mwongozaji, kwa adabu, lakini aliiweka. Mwongozaji akaisoma kama hajawahi kuiona na nadhani kweli hakuwahi, wanaoandika karatasi wako ofisini. Akasema hawa ndege hawaangalii kalenda, wanaangalia wingu. Vuli imechelewa. Mvua ikinyesha ndio kumbikumbi wanatoka, na kumbikumbi wakitoka ndio utaona kozi, manake wanafuata mvua kutoka mahali mpaka mahali, leo wako huku kesho hawapo. Ukiwa kilomita ishirini pembeni umewakosa.

Ndipo akatueleza njia yao, na hapo ndipo mimi nilianza kusikiliza vizuri. Alisema wakitoka kwao wanashukia kaskazini mashariki ya India, jimbo la Nagaland, kwenye bwawa linaitwa Doyang, wanatua hapo kwa malaki wanajaza matumbo. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba watu wa pale walikuwa wanawatega na nyavu za samaki na kuwauza makumi ya maelfu, picha zikasambaa dunia nzima, na mwaka uliofuata vijiji vyenyewe vikaacha, wakageuka walinzi. Mwaka huohuo 2013 watatu wakafungwa vifaa vya setilaiti na wakapewa majina ya huko, Naga, Wokha na Pangti. Wakavuka India, wakaingia baharini, wakatokea Somalia, siku tano sita hivi bila kutua popote. Ndege wa gramu 150, simu yangu ni nzito kuliko yeye.

Nikauliza wanavukaje maji yote yale. Akanijibu: "We si mtu wa Mombasa? Kaskazi."

Nilinyamaza. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, nimekua nasikia kaskazi inaleta vyombo kutoka Bara Hindi na Uarabuni, kusi inavirudisha, hiyo ni hadithi ya kila nyumba kwetu. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna wasafiri wengine wanaoutumia upepo uleule, tena bila tanga. Tai wakubwa wao hawawezi, akasema, wale wanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini kuwainua na juu ya bahari haipo, kwa hiyo tai wa nyika za Kazakhstan na Urusi anazunguka kote Uarabuni atafute mahali maji ni membamba, Bab el-Mandeb kati ya Yemen na Djibouti, ndio avuke. Mama alikuwa anaitikia kila neno kama yuko kanisani.

Mvua ikaja usiku ule saa nne. Si manyunyu, mvua ya kupiga hema mpaka unasema litachanika. Ikakata kama baada ya saa moja, na mara nikasikia watu wanacheka jikoni. Nikatoka. Taa ya jikoni haionekani kwa kumbikumbi, wamejaa kama moshi, wanaingia masikioni, kwenye kola, kwenye chai. Na chini ya taa ameinama mama mkwe wangu, kanga imefungwa kiunoni, miguu peku, ameweka beseni la maji chini ya taa na kumbikumbi wanatumbukia wenyewe. Mwalimu mzima! Anamwelekeza mpishi kwa sauti ya darasani namna ya kuwatoa mabawa, na anasema kwao wanaitwa tsiswa na utotoni walikuwa wanagonga kichuguu kwa vijiti ili wadhani ni mvua watoke. Aliponiona akanyamaza kidogo, akageuza uso, akaendelea.

Asubuhi tukaingia getini wa kwanza. Nilikuwa najua nitaona ndege, lakini sikujua nitaona vile.

Kwanza tai. Uwanda umelowa, unanuka vizuri, na chini, si angani, chini, kuna mijitu ya kahawia inatembea. Tai wa nyika, ishirini na kitu, mabawa yake akiyanyoosha yanakaribia mita mbili, na wanatembea polepole wakidonoa kumbikumbi mmojammoja kwenye matope kama kuku wa nyanya yangu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yule aliyenitoa jasho utotoni nikigonga sufuria, binamu yake mkubwa ametoka Kazakhstan kuja kudonoa Voi kama kifaranga. Mwongozaji akatuonyesha ule ukingo wa njano wa mdomo unavyokwenda mpaka nyuma ya jicho, utafikiri anatabasamu, na hapo ndipo unamtofautisha na wengine.

Halafu mmoja wa wale dada akasema, "na zile juu?"

Hewa ilikuwa imeanza kupata joto, saa tatu na nusu hivi. Juu kulikuwa na vitu vyeusi vidogo vinazunguka, ukiweka darubini unaona nyuma yake kuna vingine, na nyuma ya hivyo vingine tena, tabaka kwa tabaka mpaka kwenye wingu. Mwongozaji akaanza kuhesabu kumi kumi kwa midomo bila sauti, alifika mia sita na kitu akaacha, akafuta macho akisema ni jasho. Kisha wakashuka. Wakawa wanapita usawa wa gari, kozi anakunja bawa, anamnyaka kumbikumbi kwa mguu, anainamisha kichwa anamla hapohapo akiendelea kuruka, na yale mabawa ya kumbikumbi yanadondoka peke yake, yanatuangukia kwenye paa lililofunguliwa, kwenye nywele, kwenye daftari la mama.

"Baba Salma!" Nikageuka. Hakumtuma mtu. "Yule pale, wa kijivu, mapaja mekundu, ni dume au jike?"

"Jike?"

"Dume! Jike ana michirizi kifuani. Angalia chini ya bawa, jeupe, dume huyo. Na yule?"

"Jike."

"Sasa umeanza kusoma."

Alinihoji saa nzima, na nilifeli maswali mengi tu. Gari zima limenyamaza, hata yule kijana wa mifugo akawa ananinong'onezea majibu kama tuko darasa la sita. Sidhani mama alijua anafanya nini, alikuwa amesahau kabisa mimi ni nani.

Mchana tukaenda Mudanda, ule mwamba mrefu, moja ya sehemu chache unaruhusiwa kushuka kwenye gari na kupanda kwa miguu. Kozi walikuwa wanapita juu yake kwenda kusini. Mvua ilikuwa imeacha sehemu zinateleza na mama ana magoti yake ya miaka thelathini ya kusimama ubaoni, akafika mahali pa kupanda kidogo akakwama. Mwongozaji alikuwa mbele na wazungu. Nyuma yake mama ni mimi tu. Wote wawili tukaangalia pembeni. Angeweza kuteleza pale, nami siwezi kumshika, na siwezi kutomshika.

Begani nilikuwa nimebeba ile stendi ya miguu mitatu ya darubini kubwa. Nikapita pembeni nikapanda juu yake, nikaikunjua mguu mmoja, nikamnyooshea. Akaushika. Nikavuta. Akapanda akatulia, akafuta mikono kwenye kanga, akatembea.

Juu tukakaa, yeye upande huu, mimi kule, stendi katikati. Ndege wanapita tu. Akasema, kwa hewa, si kwangu, "hawa watafika Afrika Kusini kabla mimi sijafika Kakamega na haya mabasi yetu." Tukashuka vilevile, kila mtu ameshika mwisho wake wa stendi.

Jioni mpishi akaniletea sahani hemani. Kumbikumbi, wamekaangwa na mafuta yao wenyewe na chumvi, ugali pembeni. "Mama amesema baba Salma ale zikiwa moto." Kwetu watu wa pwani hatuli sana hizo, nilianza mmoja kwa kujilazimisha, ladha kama karanga hivi na siagi, nikafuta sahani. Nikamwambia mpishi, mwambie mama nimeshukuru.

Siku hizi kila Novemba kaskazi ikianza kupuliza simu inaita, yeye huyo kutoka Kakamega. Hanipigii mimi. Anampigia mke wangu, wanasalimiana, wanaulizana habari za Salma, halafu nasikia, "na muulize baba Salma kama amewaona."