Ubalozi wa Tanzania Nairobi: unachoweza na usichoweza

Kiitifaki, Tanzania na Kenya hazipelekeani mabalozi wa kawaida: zote zimo Jumuiya ya Madola, hivyo cheo cha Kiingereza ni kingine, High Commissioner. Kwa Kiswahili sote twasema balozi, basi. Uhusiano uliwahi kuchacha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka, ukafunguliwa 1983.

Kwa raia, kazi inayoonekana ni hati. Ukipoteza pasipoti Nairobi, anzia kituo cha polisi, upewe ripoti ya upotevu, ndipo uende ubalozini na picha na uthibitisho wa uraia. Wengi hukwama hapo: nakala ya pasipoti ilikuwa ndani ya begi lilelile lililoibwa. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963, unaohusu huduma za kibalozi kwa raia, unakupa haki ya kuomba ubalozi ujulishwe. Afisa anaweza kukutembelea, lakini hakutoi rumande.