Msimu wa vimbunga wa 2024 ulivyonichanganya

Vimbunga vya Atlantiki huwa navifuatilia kila mwaka, lakini ule msimu wa 2024 ulinivuruga kabisa. Rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30, kilele kikiwa karibu na Septemba 10. Kimbunga Beryl wala hakikungoja: mwanzoni mwa Julai tayari kilikuwa daraja la 5 (la juu kabisa kwa nguvu), mapema kuliko kingine chochote kilichowahi kurekodiwa huko. Nikasema, mwaka huu tumekwisha.

Halafu kimya. Kimbunga Ernesto kilipoisha Agosti 20, haikupatikana dhoruba nyingine ya kupewa jina mpaka Francine, Septemba 9. Watu wakaanza kuwacheka watabiri waliosema msimu utakuwa mkali (hao huwa hawakosekani).

Mwishoni mwa Septemba Helene kikaipiga Florida, na mafuriko yake yakafika hadi milima ya North Carolina. Kisha Milton. Kwenye picha za setilaiti jicho lake (ile sehemu tulivu ya katikati) lilikuwa dogo kama tundu la sindano, na kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5 kilitumia siku moja hivi. Kilitua Florida Oktoba 9. Novemba, nikidhani yameisha, Rafael nacho kikaivamia Cuba.