Siku Mama Alipovuka Mwamba

Mama amezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha la ghorofani unaiona Bandari ya Kale na mashua zikilala ubavu maji yakipwa. Babake alikuwa fundi wa kuunda vyombo, mumewe mvuvi, mashemeji zake wote watu wa bahari. Hata hivyo alifika miaka sabini bila kuvuka mwamba wa matumbawe unaokinga pwani. Feri ya Likoni alikuwa akiipanda tangu utotoni, lakini zaidi ya hapo hapana. Kwetu mke wa mvuvi alimpokea samaki nchi kavu, na habari za maji makuu aliletewa kwa mdomo.

Likizo ya Agosti 2018, siku chache baada ya Idi Kubwa, dada yangu aliteremka kutoka Nairobi na wanawe. Watoto walikuwa na ombi moja: pomboo. Wenzao wa shule walikuwa wamepelekwa kisiwa cha Wasini, kule Shimoni, wakarudi na picha. Nikawaambia hakuna haja ya kwenda mbali hivyo, Mombasa nayo ni kisiwa na pomboo wake wapo, na msimu wa kusi, upepo wa kusini, hata nyangumi hupita nje ya Nyali. Binamu yangu, mwana wa ami, ana mashua ya mbao yenye mashine. Huvua, na wageni wakipatikana huwatembeza. Alikubali kwa sharti kwamba haahidi kitu.

Mama alikuwa pembeni akichambua mchele. "Na mimi naenda," akasema.

Dada akaanza kumtajia kusi, mawimbi, magoti yake. Mama hakuinua macho kwenye sinia. "Kwani nakwenda kutembea juu ya maji? Nitakaa."

Tulitoka saa kumi na mbili u nusu asubuhi, maji yakipwa, ili turudi yakijaa. Mama alivaa jaketi la kuokolea juu ya buibui, mkononi ana ndimu ya kunusa moyo ukichafuka, na kikapuni mna mahamri, mbaazi na chupa ya chai. Tuliiacha Ngome ya Yesu upande wa kulia. Nyumba za Mkomani zikapita kushoto, na mnara wa taa wa Ras Serani ukawa mdogo. Kwenye mlango wa mwamba, maji yanayotoka hukutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, na chombo hupandishwa na kushushwa bila huruma. Dada alitapika. Mama alishika taruma kwa mikono miwili, akasoma alichosoma, na tulipopita alikuwa wa kwanza kuomba chai.

Nje ya mwamba rangi hubadilika ghafla, kutoka kijani hadi buluu nzito, kwa kuwa sakafu ya bahari huporomoka hapo. Mbali zilionekana meli za shehena zikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Mama alizitazama sana. Kisha akageuka kuutazama mji wake kutoka upande ambao mumewe aliuona kila alfajiri ya kurudi, akauliza Ngome ya Yesu iko wapi pale.

Pomboo walikuja wenyewe, kundi zima, wakashika omo ya mashua na kwenda nasi. Watoto walilala kifudifudi mbele, mikono ikining'inia, na wale wanyama wakawa wanageuka ubavu chini yao kuwatazama kwa jicho moja. Walio nyuma walikuwa wakiruka na kujizungusha hewani kabla ya kuanguka. Binamu hakuongeza mwendo wala hakupinda kuwafuata. Aliishika njia yake tu, akawaacha waamue.

Halafu ikatokea boti ya kasi iliyojaa watu. Ilikuja moja kwa moja, ikakata katikati ya kundi, ikageuka na kukata tena. Pomboo wakazama wote kwa pamoja. Boti ikazunguka mara mbili tatu, watu wake wakapiga picha za maji matupu, ikaondoka. Binamu alikuwa kimya kwa muda. Alipozungumza alizungumza na watoto: kwamba pomboo wenye wachanga hunyonyesha wakiwa wanaogelea, kwamba huhitaji kupumzika mchana kwa sababu wengi wao huwinda usiku, na kwamba anayewakimbiza huwanyima vyote viwili. Nakubaliana naye kabisa. Nimewaona watalii wakimlipa nahodha zaidi ili asogee, na nimewaona manahodha wakisogea. Mnyama hana wa kumlalamikia.

Tukazima mashine kaskazini kidogo, tukakaa. Jua likapanda. Mahamri yakaisha. Mtoto mdogo akaanza kuuliza tunarudi lini.

Ni hapo Mama alipoanza kumzungumzia Baba. Marehemu alikuwa akivua usiku kwa mshipi miaka ya 1970, na usiku mmoja wa kusi alirudi nyumbani akiwa amebadilika. Alisema alijinyoosha sakafuni mwa mashua, kichwa kwenye mbao, akasikia kitu kikilia chini ya bahari. Kikilia, kikinyamaza, kikirudia vile vile. Wenziwe aliokuwa nao walimcheka. Nyumbani hapakuwa na kicheko: bibi yangu alisema ni jini, na Mama akaenda kwa mwalimu kuandikiwa kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, akamnywesha mumewe asubuhi tatu. Baba alikunywa bila kubisha, na hakuzungumza tena juu ya sauti ile. "Nilidhani limemtoka," Mama akasema.

Binamu alikuwa amegeuka kumtazama. "Mama mkubwa," akaanza, lakini hakumaliza. Mtoto alipiga kelele.

Kwanza tulisikia pumzi. Mkoromo mzito, kisha mvuke mweupe ukasimama juu ya maji, mita mia mbili hivi kutoka kwetu. Ukafuata mvuke mwingine mdogo kando yake. Mgongo mweusi ukapita polepole, na kinundu chake na pezi dogo juu, ukaendelea kupita hata ukadhani hauna mwisho. Alikuwa nyangumi wa nundu, mama na mwanawe. Mtoto alijirusha nusu ya mwili nje ya maji, akaanguka vibaya, akajaribu tena. Mama yake alikuwa akipanda kupumua na kushuka, akipanda na kushuka, kama mtu aliyechoka anayemwacha mtoto acheze.

"Subhanallah," Mama akasema, kisha akaisoma dua ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki, yote, kwa sauti.

Upepo ulituletea harufu ya pumzi yao, harufu kali ya samaki aliyevunda, na watoto wakaziba pua wakicheka. Binamu hakuwasha mashine. Akatueleza kwamba wametoka bahari ya barafu ya kusini, upande wa Antaktika, maelfu ya kilomita, kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Mzazi wa aina hii hufika mita 15 na uzito wa tani 30, na miezi yote anayokuwa huku hali karibu chochote. Ananyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea kule kwao. Kila mara akikimbizwa anachoma akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka afike tena kusini. Mama alilielewa hilo kuliko sisi wote. "Basi msimsogelee," akaamuru, ingawa hakuna aliyekuwa akisogea.

Walipoelekea kaskazini, binamu akamwambia Mama ainame. Akaondoa turubai sakafuni, akamwonyesha pahali pakavu kwenye mbao. "Weka sikio hapa. Nyote nyamazeni."

Nililala kando yake. Mwanzo nilisikia maji yakipiga ubavuni tu. Kisha ikaja, kutoka mbali: mvumo mrefu ukapanda, ukakatika, ukawa kama mlango mzito unaofunguliwa, ukashuka hadi nikausikia kifuani. Kimya. Kisha ule ule mpango, mwanzo hadi mwisho. Hawakuwa wale wawili tuliowaona. Wanaoimba ni madume, na sauti zao husafiri kilomita nyingi majini. Wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo msimu hata msimu.

Mama hakuinuka. Buibui lilikuwa limelowa upande mmoja na dada alijaribu kumwinua, akamsukuma mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Aliposema kitu, alikisema kwa Baba, kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka Baba alipokuwa hai.

Baadaye nilitaka kujua kwa nini Baba alisikia mara moja tu katika miaka yote ile. Majibu yake ni mazito. Katika karne ya 20 wavuvi wa nyangumi waliua zaidi ya 200,000 wa aina hii katika bahari za kusini mwa dunia. Walikatazwa kuwindwa huko mwaka 1963, na bado meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Kwa hiyo yule aliyeimba chini ya mashua ya Baba huenda alikuwa mmoja wa wachache waliobaki. Leo mvuvi yeyote wa Mombasa atakwambia huwaona kila kusi.

Tuliingia bandarini adhuhuri, maji yakijaa. Mama alioga, akaswali, akaniambia nimtafutie nambari ya mzee mmoja wa Likoni, wa mwisho aliye hai kati ya wale waliokuwa chomboni usiku ule. Nikampigia, nikaweka sauti juu. Mama hakusalimia kwa kirefu. Alimwambia alikokuwa na alichokisikia, na kwamba mumewe hakuwa na jini wala wazimu.

Mzee alikawia kujibu. "Shemeji," akasema, "hata mimi nilisikia. Nilicheka kwa kuwa niliogopa."

"Na kombe nimemnywesha peke yake!" Mama akasema. Alimkaripia mpaka mzee akaomba radhi, kisha akamwuliza hali ya wajukuu, kisha akamwambia kusi ijayo ajitayarishe, tutampitia Likoni.