Ubao wa upepo, mbali na bahari

Nimezaliwa Pangani. Nyumbani kwetu ukifungua dirisha la nyuma unauona mto ukiingia baharini, na nilijua kushika kafi kabla sijajua kuendesha baiskeli. Mwaka 2019 kazi ikanileta Dodoma, kama ilivyowaleta wengi baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Mji nimeupenda. Hewa yake kavu, usiku wake wa baridi, zabibu zake. Lakini mwili uliolelewa na maji hausahau, na kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nasafiri hadi pwani kwa ajili tu ya kukaa saa mbili ndani ya mtumbwi wa mjomba.

Mtumbwi Dodoma ningeuweka wapi? Nimepanga vyumba viwili Nkuhungu, uani kuna tenki la maji na kamba za kuanikia nguo, basi. Ndipo binamu yangu anayefanya kazi hoteli ya ufukweni Dar akanitumia video ya mgeni anayepiga kafi akiwa amesimama juu ya ubao. Alipomaliza aliufungua upepo, akauviringisha kama mkeka na kuutia kwenye begi la mgongoni. Nikaiangalia video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nilikaribia kununua ule wa bei ya chini kabisa mtandaoni, wenye unene wa sentimita 10. Nashukuru binamu alinizuia. Alikuwa ameshazibeba mbao hizi za kila aina kutoka stoo kwenda majini, akaniambia: "Kaka, wewe una kilo themanini na nane. Ule mwembamba utakubeba, ila katikati utadidimia kama kitanda cha kamba, na miguu itakuwa ndani ya maji." Nikaanza kuuliza kwa nini, na hapo ndipo nilipouelewa ubao wenyewe. Ndani yake si patupu kama tairi au boya. Kuna maelfu ya nyuzi zilizosimama wima, zimeshika kitambaa cha juu na cha chini, na nyuzi hizo ndizo zinazouzuia usivimbe kama mpira. Kwa hiyo unaweza kuujaza upepo mwingi na bado ukabaki bapa, mgumu kama meza. Unene ukiongezeka kidogo ugumu unaongezeka sana. Kwa mtu mzima unene wa sentimita 15 ndio wa kutafuta, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza, kabla ya rangi na kabla ya bei.

Nilinunua wa mtumba, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Urefu mita 3.2, upana sentimita 81, unene 15, uzito kama kilo 10. Sharti langu lilikuwa moja: tuujaze leo, nije kesho. Nilipofika siku ya pili nikaingiza geji, ikasoma karibu sawa na jana. Nikalipa. Kama ungekuwa umeshuka, ningepaka povu la sabuni kwenye valvu na kwenye mishono yote ya pembeni, maana ubao wa mtumba ukivuja huwa ni sehemu hizo mbili. Valvu si tatizo kubwa, mara nyingi inahitaji kukazwa tu na spana yake ya plastiki inayokuja na ubao. Mshono ulioachia, achana nao.

Kafi ni la vipande vitatu, unalirefusha hadi lipite kichwa chako kwa shibiri moja hivi. Pezi linachomekwa chini nyuma ili ubao uende mbele bila kuyumba. Kamba ya kukufunga mguu na ubao usikose kamwe kuivaa ukiwa ziwani, na jaketi la kuokolea maisha nalivaa hata kwenye maji ya kifuani.

Sasa upepo. Mafundi pancha wetu wanahesabu kwa psi, kipimo cha msukumo wa upepo, bila kuitaja: "Niweke upepo ngapi?" Ubao wangu unataka 15. Mara ya kwanza nilipiga pampu ya mkono, nikapiga, nikapiga, mshale wa geji umelala kwenye sifuri. Nikadhani geji imekufa. Kumbe ndivyo ilivyo, mshale hauanzi kupanda hadi ubao umeshaanza kuwa mgumu. Ile mipigo mia ya mwanzo inajaza nafasi tu. Ya mwisho ndiyo kazi, unalalia pampu kwa uzito wa mwili wote. Nilihesabu mipigo 240 Dodoma, na nilikuwa nimehesabu pungufu ya hapo Dar kwa pampu ileile. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kila mpigo unabeba kidogo. Ukiona unachoka kuliko ulivyochoka pwani, si kwamba pampu imeharibika.

Kosa jingine ni pini ya valvu. Ukiibonyeza na kuizungusha inabaki ama juu ama chini. Ikiwa chini, valvu iko wazi, na ukitoa mpira wa pampu upepo wote unatoka kwa kishindo, mipigo 240 imeenda. Weka kidole, hakikisha pini imesimama, ndipo uanze kujaza. Fundi pancha wa jirani alinihurumia akaniambia nilete ubao kwenye kompresa yake, dakika moja tu. Nikakataa. Kompresa ya tairi inasukuma kwa nguvu kubwa, na ukichelewa kuizima kidogo tu mishono inaweza kuachia.

Jua nalo lina lake. Jumapili moja nilijaza 15 asubuhi, nikauacha uani ukikauka, nikaenda kanisani. Niliporudi saa saba kasoro geji ilisoma 17 na ushei. Upepo ni uleule, joto tu limeutanua. Tangu siku hiyo ukiwa nje ya maji naweka kivulini, na nikikosa kivuli naupunguza hadi 12.

Lakini kilichonitesa kweli ni mbigiri. Aliyekaa Dodoma anaijua, ile miiba midogo yenye pembe inayojificha kwenye vumbi na kutoboa kandambili. Niliutandika ubao uani bila kufagia. Asubuhi yake ulikuwa laini. Nikapaka povu la sabuni, na kule chini, hatua mbili kutoka kwenye pezi, yakatoka mapovu madogo madogo mfululizo, kama chai inayoanza kuchemka. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho.

Gundi iliyokuja na ubao ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Fundi pancha akaweka kiraka cha baiskeli na solusheni, kikashika siku moja, nikijaza 15 kikabanduka chote kama ganda la kitunguu. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua gundi ya mabomba ya plastiki. Hiyo ilikauka ngumu kama kioo na kupasuka ubao ulipokunjwa. Wiki tatu zikapita hivyo.

Aliyeniokoa ni fundi wa maturubai ya malori. Alipapasa ubao kwa kidole gumba akasema, "Hii ni ngozi ileile ya turubai langu. Solusheni ya mpira haishiki hapa." Nilikaa kwenye benchi lake nikaangalia kila alichofanya. Alikwangua gundi zangu zote. Akafuta kwa spiriti. Akapiga msasa laini, kidogo sana, hadi mng'ao ukaondoka. Akakata kiraka cha mviringo kinachopita tundu kwa upana wa vidole vitatu kila upande, kisicho na kona, kwa sababu kona ndiyo inayoanza kubanduka. Akapaka gundi ya maturubai kwenye kiraka na kwenye ubao, nyembamba, akangoja, akapaka tena. Akawa anaigusa kwa ncha ya kidole hadi ikawa inanata bila kuacha alama. Hapo tu ndipo alipobandika, akasugua kwa sehemu ya nyuma ya kijiko kuanzia katikati kwenda nje. "Usijaze leo. Njoo kesho saa kama hii." Kiraka hicho bado kipo. Tandiko la mkeka wa plastiki chini ya ubao nalo limekuwa desturi yangu, na kufagia kwanza.

Maji ya kwenda kupigia kafi yalikuwa swali gumu kuliko ubao. Bwawa la Mtera ni kubwa na linapendeza, lakini wavuvi niliowakuta pale hawakunizungusha. "Hapa kuna mamba na viboko, mwanangu. Hicho kitu chako ukikipanda, sisi tutakuja kukutafuta." Nikasema asante, nikala samaki, nikarudi. Hombolo ni karibu, bwawa la tangu 1957, ila maji yaliyotulia yenye majani na konokono kandokando yanaweza kuwa na kichocho. Daktari mmoja alinieleza kwamba vijidudu vyake vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na huzidi kutoka kwenye konokono kadiri jua linavyopanda kuelekea adhuhuri. Asubuhi na mapema kuna nafuu, si usalama. Ananipima mkojo wiki kadhaa baada ya kuingia maji baridi ya aina hiyo, na dawa ya kichocho ipo endapo itahitajika. Kwa mtu anayejifunza, anayeanguka kila dakika mbili, sikuona sababu ya kuanzia huko.

Nilijifunza kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini, kwa ruhusa, siku za kazi asubuhi. Pezi nililitoa lisigonge sakafu. Sikujishughulisha na kusimama kwanza, nilijishughulisha na kurudi juu: unashika mpini wa katikati, unalaza tumbo, unapiga miguu kama chura hadi mwili uteleze juu. Nilifanya hivyo mara thelathini kabla ya kujaribu kusimama. Kusimama kwenyewe ni kutoka magotini, mguu mmoja baada ya mwingine, macho mbele. Ukiangalia miguu yako utaanguka. Na bapa la kafi lina kipinda, kinaelekea mbele, si nyuma kama mkono unavyotaka kuliweka. Mimi wa Pangani nililishika kinyume wiki nzima.

Ndipo nikaenda Singida. Kilomita kama 240, unapita Bahi na Kintinku, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, halafu mashamba ya alizeti. Ziwa Singidani liko pale pale mjini, la magadi, limezungukwa na mawe makubwa yaliyopandana kama yaliyopangwa kwa mikono. Nilifika jioni, nikalala, saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ukingoni nikipiga pampu. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unavua kwa godoro?"

Nilimweleza. Akaugonga ubao kwa ngumi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sawa. Ila saa nne upepo unaamka. Kabla ya saa nne uwe hapa."

Maji yalikuwa kioo. Nilisimama katikati ya ziwa lililotulia, ndege weupe wakipita juu ya mawe, na nilihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu nihame pwani. Nikasahau saa. Tena nilikuwa nimeondoka nikiwa na upepo mdogo mgongoni, ukinisaidia, nikadhani ni nguvu zangu.

Ulipoamka haukubisha hodi. Nimesimama, mwili wangu ukawa tanga, na ubao ukaanza kwenda mbali na mji. Nikapiga magoti. Upepo ukapata sehemu ndogo ya kunishika, lakini hata hivyo nilipiga kafi dakika kumi nikilitazama jiwe moja tu ukingoni, na jiwe halikusogea. Nikaacha kushindana. Nikageuza ubao kwa mshazari, nikalenga ukingo wa karibu badala ya ule niliotoka, mipigo mifupi ya haraka, mikono ikiwaka. Nilitua mbali na gari, kwenye tope lenye chumvi, nikaurudisha ubao kwa miguu huku upepo ukiujaribu mikononi kila nilipopita nje ya mawe.

Mzee hakunigombeza. Alinionyesha majani ya ukingoni. "Yakianza kulala upande mmoja, geuka. Na ukitoka, anza kwa kuupa upepo uso. Uchoke wakati wa kwenda, ukurudishe mwenyewe."

Nimelishika hilo. Naenda Singida mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Nikirudi nasuuza ubao kwa ndoo moja ya maji na kitambaa, valvu kwanza, kwa kuwa magadi yakikaukia pale hukwaruza. Naukausha kabisa, nauviringisha bila kuubana, nauweka chini ya kitanda, mbali na bati. Kwenye buti la gari siuachi.

Safari ya mwisho nilikwenda na binti wa dada yangu, ana miaka kumi na sita, amezaliwa Dodoma na alikuwa hajawahi kupanda hata mtumbwi. Nilimfunga jaketi, nikamfunga kamba mguuni, nikabaki ukingoni na mzee. Alisimama jaribio la tatu. Alikwenda uso kwa upepo, polepole, hadi akawa mdogo mbele ya yale mawe. Mzee aliweka wavu chini, akaangalia majani.

"Mwite arudi," akasema. "Umeamka."