Hoya yangu ndani ya nyumba, na vile nimeifanya ichanue

Mie naishi ghorofani Tudor, hapa Mombasa, bustani sina, lakini maua nayapenda sana, ndo nikaingia kwa hoya. Ni mmea unatambaa, majani manene yanang'aa, maua yanatoka kwa kishada, vinyota vidogo vya pinki hafifu utadhani vimefinyangwa kwa nta, na usiku ndo vinanukia sebule nzima. Jina ni la Thomas Hoy, mtunza bustani wa Uingereza, mtaalamu wa mimea Robert Brown ndo alimpa heshima hiyo 1810, na kwa kweli nafurahi mtu wa jembe kukumbukwa hivyo.

Shangazi wa Mji wa Kale alinikatia kipande chenye vifundo, pale majani yanapotokea. Kinatoa utomvu mweupe, ukaushe kwanza kisha tia kwa glasi ya maji, mizizi inatokea pale kwenye kifundo.

Udongo mtupu hapana, kwao hoya hukwea miti na mizizi yake inataka hewa, kwa hivyo nilichanganya makumbi ya nazi niliyoyakatakata, vipande vya makaa na udongo kidogo, kwa chungu kidogo chenye matundu maana inapenda kubanwa.

Maji ndo mtihani wetu Mombasa. Ya kisima yana chumvi, ncha za majani zinaungua, basi yangu inanyweshwa maji yanayotona kwenye AC, na masika nakinga ya mvua. Wala sio kila siku, ngoja chungu kikauke. Iko dirisha la mashariki nimeifunga kwa uzi kwenye grili, inapata jua la asubuhi, lile la mchana wa kaskazi nalizuia kwa pazia.

Sasa sikilizeni hili. Maua yakishapukutika kinabaki kijiti kifupi hakina jani hata moja, mtu akikiona anadhani kimekufa anakikata. Shangazi aliniambia, "mwanangu, hicho usikiguse!" Maua yanarudi palepale kwenye kijiti kilekile na kila yakichanua kinarefuka kidogo, changu ukikitazama karibu utaona alama za maua yaliyopita zimepangana. Hata ile mikono mirefu mitupu iwacheni, majani yatakuja. Na ikishatoa vitumba msiihamishe, itaviangusha.

Kuna vile vidudu vyeupe vya unga hujificha kwenye makwapa ya majani, mie navipangusa kwa pamba na spiriti nikiviona tu.