Jinsi ulanzi wa kwetu ulivyonisaidia kuchagua waini ya hela ndogo

Mimi naishi Uyole hapa Mbeya ila kwetu ni Iringa, upande wa Kilolo, huku nimekuja kwa kuolewa. Nafanya kazi ya ushonaji, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Tuna kikundi chetu cha marafiki, watu nane, tunakutana kila jumamosi ya mwisho wa mwezi, leo kwangu mwezi ujao kwa mwingine, mwenye nyumba anapika na wote tunachanga buku tano tano za vinywaji. Jumla 40,000. Wawili kati yetu hawagusi pombe kabisa kwaiyo soda na juisi zao zinatoka humo humo, inabaki kama 32,000 ya waini kwa watu sita. Kazi ya kununua nlipewa mimi kwasababu napita sokoni kila siku.

Nlianza vibaya sana. Nlikuwa naangalia bei tu, nikiamini chupa ya bei juu ndo nzuri na ya bei chini watu watakudharau. Mwezi wa pili nikachukua chupa moja ya Afrika Kusini 28,000, nyekundu, drai yaani isiyo na utamu, muuzaji kanihakikishia hii wanakunywa watu wazito. Siku hiyo mwenyeji kapika kitimoto rosti na pilipili mbuzi ya kutosha, ndizi za kuchoma pembeni, yaani chakula kilikuwa kitamu hadi raha. Waini ikamiminwa, watu wakaonja, kimya. Kila mtu kakunja uso kidogo. Shemeji akaniuliza kwa upole "shemeji, hii haijaharibika kweli?" mwingine akaenda kuchukua Sprite akachanganya, na wenzake wakafuata. Niliumia jamani, sio kwa sababu ya aibu, ile hela ni ya watu, kuna mmoja anauza nyanya na hiyo 5,000 anaikusanya siku mbili.

Chupa haikuwa mbovu wala haijaharibika. Ilikuwa tu haiendani na kile chakula na haiendani na sie tulioketi pale. Hilo nlikuja kulielewa nikiwa nyumbani Kilolo, masika, nimeenda kumsalimia mjomba.

Mjomba anagema ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Kwa ambaye hajawahi kuona, mwanzi mchanga unakatwa kichwa kipindi cha mvua, unafungiwa mbeta, kile chombo cha kukingia maji yake, af mgemaji anarudi asubuhi na jioni kuukwangua tena ili uendelee kutoa maji. Ule unaoshuka asubuhi ni mtogwa, mtamu kama juisi, hata mtoto anapewa. Ukiuacha hadi kesho yake unakuwa mkangafu, mkali, utamu umeisha na kichwa kinapata habari zake. Nikamuuliza mjomba utamu unaenda wapi, akasema "mwanangu, utamu haupotei, unaliwa ndo unakuwa pombe." Nimeusikia huo msemo tangu mdogo ila siku hiyo ndo uliingia. Kumbe waini ni vilevile tu! Juisi ya zabibu ina sukari, hamira inaila ile sukari inatoa kilevi, ikiachwa ile yote mpaka mwisho inakuwa drai, huo ndo mkangafu wa zabibu. Ikizuiwa mapema sukari ikabaki, au wakiongeza utamu baadae, ndo semi switi na switi, hiyo ipo karibu na mtogwa. Sasa mimi nlichukua watu waliozoea bia baridi na soda nikawapa mkangafu siku ya kwanza, tena juu ya pilipili mbuzi. Wangefurahi vipi?

Nikarudi Mbeya na akili nyingine. Nikanunua daftari dogo, nikamwambia mume wangu kuanzia leo katikati ya mwezi tunanunua chupa moja kwa hela yetu, tunaonja na kijisahani cha chakula kile ambacho mwenyeji anayefuata amesema atapika. Chupa ya 10,000 au 12,000 basi. Naandika vitu vitatu tu: utamu, uchachu, ukakasi. Na mstari mmoja wa mwisho, je ilienda na chakula au hapana.

Ukakasi ndo kitu ambacho watu wengi wanakichanganya na ubovu. Ni ile hali ukitafuna ndizi mbichi ulimi unakauka unakuwa kama umepakwa unga. Waini nyekundu inayo kwasababu inachachushwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu, nyeupe kwa kawaida inakamuliwa maganda yanatolewa ndo maana haikaushi mdomo. Sasa ukakasi na pilipili ni maadui, pilipili inafanya ukakasi uonekane mara mbili na kilevi nacho kinaongeza moto mdomoni. Lakini huohuo ukakasi uweke kwenye nyama choma ya ng'ombe yenye chumvi na mafuta mafuta, unalainika kabisa, mpaka unashangaa kama ni chupa ileile. Nimefanya hilo jaribio kwa mikono yangu, nusu chupa tulikunywa na rosti ya pilipili tukashindwa, nusu tukaiweka kwenye friji, kesho yake tukanunua mishkaki isiyo na pilipili, ikaisha yote na mume wangu akawa anaulizia nyingine.

Kwaiyo kitimoto ya pilipili sasa hivi napeleka nyekundu switi au semi switi, ipozwe kidogo. Utamu unatuliza pilipili, kama vile mtu anavyokula embe baada ya kitu kikali. Najua kuna watu wanasema waini switi ni ya wanaoanza, mimi sikubaliani nao hata kidogo, ukitaka kujua kama inafaa angalia chupa inavyoisha mezani.

Samaki na kuku wa kuchoma ni habari nyingine. Kile kinachotawala pale ni ndimu na kachumbari, sasa chakula chenye uchachu kinataka waini yenye uchachu pia, vinginevyo waini inaonekana kama maji. Hapo nachukua nyeupe ya zabibu inaitwa Chenin Blanc. Hiyo ni zabibu inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini kwaiyo ipo ya bei rahisi nyingi, na hata Dodoma wanailima. Kwa nyama choma siku tukiwa na hela kidogo zaidi natafuta Pinotage, ni zabibu waliyoitengeneza Wasauzi wenyewe huko Stellenbosch mwaka 1925, ina kaharufu kama ka moshi wakati mwingine, na choma inakubaliana nayo vizuri mno.

Ila nikisema ukweli wa moyo wangu chupa ninazozinunua mara nyingi ni za Dodoma. Sio uzalendo tu. Mwaka jana nlipita Dodoma kwa basi kutokea Iringa, ile njia ya Mtera, nikalala kwa dada siku mbili akanipeleka kuona shamba la zabibu. Mkulima akatueleza kwamba kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili wa tatu na tena mwezi wa nane wa tisa, kwasababu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, ukishavuna unaupogoa unaanza upya. Akatuonyesha na ile zabibu nyekundu wanaiita Makutupora, jina la pale kwenye kituo cha utafiti. Nlivyorudi nikaona sasa mimi nitamlipa vipi mtu aliyevusha chupa kwenye mpaka wa Tunduma wakati hii inatoka hapo tu ng'ambo ya Mtera? Bei ya chupa ya nje ndani yake kuna safari na ushuru, ya kwetu hela kubwa inabaki kwenye kinywaji. Zile Imagi na Dodoma Wine zinapatikana maduka mengi hapa mjini, nyekundu na nyeupe, na kwa chakula cha kawaida cha jumamosi zinatosha kabisa.

Kuhusu dukani nimejifunza kwa maumivu kidogo. Kuna duka moja nlinunua nyeupe mbili zilizokuwa zimepangwa dirishani, jua la mchana lote linapiga pale, tukafungua ina rangi ya chai na ladha kama tofaa lililooza. Hela ikaenda. Tangu hapo sichukui chupa ya dirishani wala iliyo juu ya friji linalotoa joto, namwomba muuzaji anitolee ya ndani kwenye boksi. Naangalia na mdomo wa chupa, kama kizibo kimesukumwa juu au pana unata unata wa kuvuja naiacha, hiyo ilipata joto njiani. Mwaka ukiwa umeandikwa naangalia pia, waini za bei yetu hizi hazitunzwi, hasa nyeupe, ya mwaka huu au uliopita ndo nzuri, anayekwambia hii imekaa sana ndo maana ni nzuri anataka kumaliza mzigo wake. Na stempu ya TRA lazima, ile ya kielektroniki, kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu unaskani palepale dukani. Mimi naskani mbele ya muuzaji na hakuna aliyewahi kununa.

Halafu asilimia jamani, asilimia. Waini ya kawaida inacheza 11 mpaka 14. Kuna nyingine zinaongezewa kilevi zinafika 16 mpaka 20 na nyingi ni tamu, zinateremka kama juisi. Kuna mwezi nlileta moja ya hivyo bila kusoma, watu wakanywa kwa glasi zilezile, saa mbili usiku tukawa tunatafuta bajaji za kuwarudisha watatu nyumbani na mmoja alikuwa amekuja na pikipiki yake, tukamnyang'anya ufunguo ikalala kwangu. Sikulala vizuri usiku ule nikiwaza angeondoka nayo. Sasa hivi asilimia nasoma kabla hata ya bei.

Baridi yetu nayo ni mtaji, watu wa Dar wangetuonea wivu. Waini nyekundu inatakiwa kama digrii 16 mpaka 18, sasa Dar ukiiacha mezani inakuwa ya moto kama chai iliyopoa, sisi hapa Uyole mwezi wa sita wa saba ukiitoa kabatini ipo tayari, na usiku wakati mwingine inabidi uisogeze karibu na jiko. Nyeupe naiweka nje barazani kwenye ndoo ya maji tangu saa kumi na moja jioni, nafunika, ikifika saa moja imepoa vya kutosha, na hata umeme ukikatika hainisumbui. Miezi ya joto kama wa kumi na wa kumi na moja ndo nanunua barafu ya 500.

Disemba tunakuwa wengi, ndugu wamekuja likizo, tunafika hata ishirini. Hapo nahama kwenye chupa nachukua boksi la lita 5. Piga hesabu, chupa ni mililita 750, kwaiyo lita 5 ni chupa sita na zaidi kidogo, na chupa moja inatoa glasi tano za wastani, yaani boksi ni glasi 33 hivi. Gawa bei ya boksi kwa 6.7 ulinganishe na chupa, kama haijashuka usinunue, kuna maduka boksi linakuwa ghali kuliko chupa zenyewe na watu hawagawanyi. Uzuri wake mwingine ule mfuko wa ndani unajikunja waini inapotoka, hewa haiingii, inakaa hata mwezi bila kuharibika wakati chupa ikifunguliwa siku tatu nne za friji ndo mwisho wake. Ikizidi hapo mimi naimwagia kwenye rosti ya ng'ombe, kikombe kimoja baada ya nyanya kuiva, naacha ichemke mpaka harufu ya pombe iishe.

Mwezi uliopita zamu ilikuwa kwa rafiki yetu nesi, mumewe ametokea Kyela kaleta mbasa wawili wakubwa wa ziwani na mchele wa hukohuko, ule unaonukia mpaka barabarani. Wakawachoma kwa ndimu na chumvi, kachumbari ya parachichi pembeni. Nlikuwa nimeshaonja kwangu jumatano na perege wa sokoni, nikabeba nyeupe mbili za Dodoma, 12,000 kila moja, na chenji ilibaki. Mama mkwe wake nesi alikuwepo, mama wa Kinyakyusa mtu mzima anayejiheshimu, akaomba aonjeshwe kidogo kwenye kikombe cha chai. Akanywa, akala samaki, akanywa tena, akakaa kimya mpaka nikaanza kuogopa. Af akanisogezea kikombe, akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga mwanangu, ongeza, na uniandikie jina lake kwenye karatasi."

Nikachana ukurasa wa mwisho wa daftari nikamwandikia kwa herufi kubwa.